Kitanga cha Mama Mkwe

Jumapili, 3 Agosti

Raudha kasema niandike. Kasema presha yangu itashuka nikimwaga mawazo kwenye daftari badala ya kummwagia yeye, maana yeye ananyonyesha na wasiwasi wangu unaingia kwenye maziwa. Daftari lenyewe ni lake la zamani, la Maarifa ya Jamii, kurasa za nyuma hazijatumika. Mie niliishia darasa la nne. Lakini kuandika naandika, na wasiwasi ninao wa kujaza madaftari kumi.

Leo nimeshusha kitanga kutoka juu ya kabati. Ya Rabi!

Nianze vizuri. Kitanga ni mkeka wa duara. Hiki alikisuka mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, kule Kisiju, akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza. Kila mtoto wa ukoo analazwa juu yake siku ya arobaini, ananyolewa nywele alizozaliwa nazo, ndiyo anatolewa nje aonwe na watu. Kalazwa mume wangu Marijani. Kalazwa wifi yangu Kidawa. Kalazwa Raudha wangu. Na Jumamosi hii analazwa Twalib, mtoto wa Raudha, mjukuu wangu wa kwanza, ambaye ukimweka chini tu analia mpaka majirani wanauliza kulikoni.

Na kinatunzwa na nani? Na mie! Miaka ishirini na mitatu. Siku aliyonyolewa Raudha, mama mkwe alikikunja kwa mikono yake, akanikabidhi mbele ya watu wote. Akampita Kidawa, mwanawe wa kumzaa, mwenye cheti cha kidato cha nne na kabati la vioo. Nililia mpaka wali ukaungua. Kabla ya siku ile kwenye ukoo wao nilikuwa "yule msichana wa Marijani". Baada ya siku ile nikawa mtu.

Sasa leo nimekikunjua, wakatoka watoto wa paka wanne, wameshajua kukimbia.

Diwani kazalia ndani! (Tulimwita Diwani kwa sababu anaonekana pakinukia chakula tu. Hatukujua ni jike.) Katikati ya kitanga pana tundu ukubwa wa kisahani cha chai. Ukingoni nyuzi zinaning'inia kama ndevu.

Marijani kasema nikipeleke kwa Mzee Mwinjuma, fundi mikeka wa pale Rangi Tatu, siku mbili kimepona. Thubutu! Mzee Mwinjuma na mama mkwe kijiji kimoja. Hata hajakaa kitako kukiangalia, Kipawa wameshajua. Na Kipawa ndiko anakoishi mama mkwe, kwa huyo huyo Kidawa.

Nitashona mwenyewe. Nani alifunga miwani ya Marijani kwa uzi wa bluu? Mie. Nani alipunguza kanzu yake? Mie. Marijani kanikumbusha kwamba kanzu ile sasa anaivaa kama shati. Na aseme. Yeye ni fundi feni, mtaa mzima wanapata upepo kwa ajili yake, na humu ndani tuna feni tatu, zote marehemu.

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi. Mkasi, sindano ya magunia, bismillahi.

Kitanga kinatokana na ukili mmoja mrefu, yaani utepe wa ukindu uliosukwa, upana wa vidole viwili. Unazungushwa kuanzia katikati mpaka ukingoni, mzunguko juu ya mzunguko, huku unashonwa. Nikaona, ili nizibe tundu la katikati lazima nifungue mshono. Kidogo tu. Nikakata fundo moja.

Nikavuta. Uzi ukaja.

Nikavuta tena nione unaishia wapi. Ukaja wenyewe, laini, bila ugomvi, kama kufumua sweta. Sitasema uongo, ilikuwa raha. Nilipoinua macho, kitanga hakipo. Kuna ukili.

Nimeupima kwa hatua. Unaanzia kitandani kwangu, unapita sebuleni, unatoka uani, unafika mlango wa choo, unarudi mpaka bombani. Bata wetu kaukalia. Watoto wa Diwani wameshika ncha, wanavutana nao kama timu mbili.

Raudha katoka na Twalib begani. Kaangalia chini. Kaufuata ule ukili kwa macho mpaka chooni na kurudi. Kisha kaniambia pole pole, kama anayeongea na mgonjwa: "Mama. Niambie hiki siyo kitanga."

Nikamwambia siyo. Ni kitanga kilichopumzika.

Jumanne, 5 Agosti

Nimejaribu kuzungusha mwenyewe. Ile sehemu waliyotafuna paka nimeikata, hatua moja na nusu, haina faida. Mzunguko wa kwanza ukatoka umbo la yai. Wa pili, sambusa. Nikafumua. Nikaanza tena. Yai.

Saa nne simu ikalia. Meseji ya Kidawa. Kasema mama anataka kuona kitanga kabla ya Jumamosi, nikipige picha nimtumie. Nikauangalia ule ukili. Lakini akili ya mtu mwenye shida haikosi njia! Nikakumbuka albamu. Ipo picha ya Raudha siku ya arobaini yake, kalala juu ya kitanga, kinang'aa zambarau na kijani. Nikaipiga picha ile picha, nikasogeza simu karibu ili mtoto asionekane, nikatuma.

Kidawa kajibu: "Wifi, mbona kitanga kina mguu?"

Nikamjibu ni mguu wa Twalib, tunamzoesha.

Kajibu: "Twalib anavaa gauni?"

Nikamjibu mtandao umekatika.

Kajibu: "Mbona umenijibu sasa?"

Nikazima simu. Nilipoiwasha mchana nikakuta sauti yake, tamu kama asali ya kwenye matangazo. Eti mama anasema, kama kitanga kinanichosha, siyo neno, Jumamosi wakichukue, pale Kipawa kabati la vioo lina nafasi.

Kinichoshe! Nimekaa juu ya ndoo pale uani nikaushika ule ukili mapajani. Bi Mwanakombo aliusuka wakati hana hata kitanda. Akaniamini mie nisiyejua kusoma saa vizuri wakati ule. Na mie nimeutandaza mpaka chooni. Jumamosi watanikuta mikono mitupu mbele ya ukoo mzima, na Raudha atakuwa amekaa palepale ananiangalia.

Marijani kaleta chai. Kasema bado Mzee Mwinjuma yupo. Nikamwambia akimtaja tena nitamshonea na kanzu nyingine. Karudi kwenye feni zake.

Jumatano, 6 Agosti

Faraja! Jirani yangu Mama Loveness kachungulia ukutani kuomba chumvi, kauona ukili. Jina lake la kwao ni Kokushubila, katokea Bukoba, na kwao Bukoba kila kitu ni bora, hata mvua. Kauliza kamba hii ndefu ya nini. Nikamweleza yote, nusu nalia.

"Waitu! Hiki ndicho kinakuliza? Mie kwetu nimeshona tangu sijaota meno ya pili. Bibi yangu alikuwa anashona kikapu unatia maji hakivuji."

Nikamuuliza mara mbili kama na mkeka ni vilevile. Kasema kuzungusha ni kuzungusha, lete sindano.

Basi tumekaa uani tangu saa tatu. Nikimtazama tu mikono yake moyo unatulia. Anavuta uzi mpaka unalia kwii! Kila mzunguko unakaza kama ngoma. Nikamwambia shoga, siyo lazima ukaze hivyo. Kasema kazi ya kulegea legea ni ya watu wa pwani. Nimemsamehe kwa sababu namhitaji.

Raudha kapita na mtoto, kasimama, kainamisha kichwa upande mmoja. Kauliza kama tunashona kitanga au chungu. Tumemfukuza.

Alhamisi, 7 Agosti

Kimekwisha saa nane mchana. Mshono safi, tundu hakuna, hata jicho la sindano hulioni. Tumekiweka chini tukitazame.

Kimekaa kama ungo uliokasirika.

Ukingo umesimama pande zote, katikati kumebonyea. Nikikibonyeza huku, kinainuka kule. Nikakigeuza juu chini, kikawa kofia ya jitu. Diwani kaja, kaingia katikati, kajikunja, kalala. Wanawe wanne wamemfuata. Wameenea vizuri, hakuna anayemwagika.

Mama Loveness kazunguka mara mbili mikono kiunoni. Kasema kwa kikapu, ile ni kazi ya daraja la kwanza. Nikamwambia sikutaka kikapu. Kasema hilo sikulisema mapema. Nililisema! Nimelisema mara mbili! Kachukua chumvi yake kaondoka.

Kufumua tena sithubutu. Imebaki siku moja na nusu. Nimepata mpango. Uzito.

Mtungi wa gesi katikati. Ndoo mbili za maji ukingoni. Marijani ukingo wa tatu, kwenye kigoda, na feni ya mteja mapajani anaitengeneza. Nimemwambia asiinuke mpaka magharibi. Kauliza je akienda kuswali alasiri. Nikamwambia aswali palepale, kwani si mkeka?

Alipoinuka, kitanga kikainuka naye.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya Nane Nane, Marijani hana kazi, kwa hiyo ana maoni.

Asubuhi nikakumbuka marehemu mama yangu alikuwaga analowesha ukindu kabla ya kusuka, ili uwe laini. Nikashtuka mwenyewe kwa akili yangu. Kumbe dawa ni maji! Nikajaza karai kubwa la kufulia, nikakizamisha kitanga, nikaweka jiwe juu, nikaenda kuosha mchele wa kesho.

Nimerudi, maji zambarau. Rangi zinatoka! Na ndani ya karai anaogelea bata, kifua chote zambarau, na kwenye ukingo wamekaa watoto wawili wa Diwani wanajilamba, zambarau mpaka masikio. Nimepiga ukelele Twalib akaamka, Twalib akalia, bata akaruka, akapita kwenye kanzu ya Marijani iliyoanikwa. Ile ile fupi. Sasa ni fupi na ina maua.

Nimekianika juani. Nilisema kikikauka kitalala. Kimekauka. Kimejikunja zaidi! Jana kilikuwa ungo, leo ni bakuli. Rangi zimefifia, zambarau imekuwa kama jamu iliyochanganywa na maziwa. Sitasema ni mbaya. Ila siyo ile.

Marijani kakaa karibu yangu kwenye kizingiti. Kanishika bega. Kasema mama yake si mtu mbaya, nimwambie ukweli tu. Kasema hata yeye sikio lake alilikata mama yake mwenyewe juu ya kitanga hicho hicho, siku ya kumnyoa, kwa vile alikuwa anafurukuta, na mama hakuacha kupendwa. Kanionyesha lile pengo sikioni, kama vile sijaliona miaka ishirini na tano.

Nimemwambia ukweli ni kitu cha mwisho. Kwanza tujaribu mito. Nitakiweka juu ya godoro dogo, nisukumie mito chini ya ukingo, nifunike kanga doti nzima. Mama mkwe macho yake yamepungua. Hataona.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamefika saa tatu. Mama mkwe mbele, fimbo mkononi, Kidawa nyuma yake kavaa dera jipya, macho yameshafika chumbani kabla ya miguu. Nikapiga magoti, "Shikamoo mama." Kaitikia marahaba, kanishika kichwa, kauliza mbona nimekonda. Nikasema joto. Nikasahau ni Agosti.

Sebule imejaa. Mbwana, mume wa Raudha, kaja na wazee wake kutoka Kinondoni. Mama Loveness kakaa karibu na mlango, tayari kutoka.

Kitanga kimekaa juu ya godoro, kimefunikwa kanga. Kimekaa vizuri, ukikiangalia kwa jicho moja.

Mama mkwe ndiye mnyoaji wa ukoo. Na hapa ndipo niliposahau jambo. Macho yake yamepungua ya mbali! Ya karibu anaona mpaka yai la chawa. Kakaa chini, katoa wembe mpya kwenye karatasi yake, kaweka bakuli la maji, kaondoa kanga.

Kasogeza uso karibu.

Kapitisha kiganja katikati. Kapitisha kidole kwenye mshono, pole pole, mzunguko baada ya mzunguko, midomo inacheza kama anahesabu.

"Nani kashona hiki?"

Nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu. Hakuna hata mmoja uliokuja. Badala yake kaja mtoto wa Diwani, wa zambarau, kapita katikati ya wageni mkia juu kama aliyealikwa. Wazee wa Kinondoni wakamsindikiza kwa macho.

Nikasema yote. Kwa pumzi moja. Paka, fundo, choo, mguu kwenye picha, Bukoba, mtungi wa gesi, bata. Nikamwambia mama, ulinipa kitu kimoja tu nikutunzie na mie nimekiharibu, Kidawa akichukue, mie sistahili.

Kidawa kasogea, kachungulia. Kasema, "Mama, hiki ni kikapu. Sasa tumlaze mtoto kwenye kikapu kama mananasi?" Mtu mmoja kacheka. Sitamtaja, ila mwanawe anaitwa Loveness.

Mama mkwe hakucheka. Kanyoosha mikono. "Mlete mtoto."

Raudha kamleta. Wote tumejikaza, kila mtu anamjua Twalib akiwekwa chini. Kalazwa. Kafungua mdomo, kakunja uso, kavuta pumzi ile ndefu ya kuanzia. Kisha kazama kidogo kwenye lile bonde. Ukingo ukamkumbatia huku na huku. Kichwa kikatulia katikati, hakiendi kushoto wala kulia. Akaufunga mdomo. Akaangalia dari.

Wembe umepita mbele. Umepita nyuma ya masikio. Hakulia! Nywele zote zimetoka na mtoto anapepesa macho kama mzee anayenyolewa saluni. Raudha alikuwa ananibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Mama mkwe kafuta wembe. Kasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Nimenyoa watoto kumi na mmoja kwenye kitanga hiki. Wote wamelia, wote wameteleza, mmoja nimemtoa kipande cha sikio." Marijani kainua mkono, eti wamjue. "Wa kumi na mbili ndiye wa kwanza kutulia. Kumbe kilikuwa kinataka shimo. Asikinyooshe mtu."

Kidawa kafungua mdomo. Mama kamwangalia. Kaufunga, vilevile kama Twalib.

Kisha mama mkwe kanyanyua kitanga akikunje, kama zamani. Hakikunjiki. Kajaribu mara mbili. Basi kakishika kwa mikono miwili kama sinia, mbele ya ukoo wake na ukoo wa Kinondoni, kanikabidhi.

"Mkamwana wangu, tunza. Ila wewe na mkasi muachane."

Nimeapa. Nimeapa mbele ya wote, mkono juu ya kichwa cha mjukuu. Nimelia sana. Wali ulikuwa umeshaepuliwa, alhamdulillahi.

Jumapili, 10 Agosti

Raudha kaondoka jana alasiri na mumewe, arobaini imekwisha, kwao ni Kinondoni sasa. Kanikumbatia kasema nisiache kuandika. Nyumba kimya. Nimefagia mara tatu. Nimekwenda kuangalia kilipokuwa kitanda cha Twalib, hamna kitu, nimerudi.

Kitanga kipo juu ya kabati, wazi kama bakuli. Diwani na wanawe wamo ndani. Nimewatoa. Wamerudi. Nimetandika kipande cha kanga kuukuu chini yao, mambo yaishe.

Kidawa kapiga simu. Nikadhani anataka ugomvi, nikakaa sawa. Kumbe shogake ana mjukuu anayelia akiwekwa chini. Kauliza, kwa sauti ya chini, eti yule jirani yangu wa Bukoba anashona na vya watu? Nikamwambia nitamuulizia, ana shughuli nyingi. Mama Loveness alikuwa amekaa pembeni yangu anakula maandazi.

Kabla hajakata simu Kidawa kasema mama kasahau tasbihi yake hapa kwangu, niitafute, kesho Marijani akienda kazini aipitishe Kipawa. Ni ile ya shanga tisini na tisa, aliyoletewa na marehemu mumewe kutoka hija.

Nimeipata chini ya mto. Nzima. Nzuri, shanga zimeng'aa kwa vidole vya miaka mingi. Ila nimeisogeza dirishani nikaona pale karibu na shada uzi umechakaa. Umebaki kama unywele. Ikimkatikia mama akiwa kwenye msala wake je? Shanga tisini na tisa zikimwagika chumba kizima, na magoti yale?

Siwezi kumrudishia hivi. Ingekuwa roho mbaya.

Na kwani nini, ni fundo moja tu. Unalikata pale, unapitisha uzi mpya nyuma ya ule wa zamani, shanga hazijui hata kama kumetokea kitu. Niliapa kuachana na mkasi, kweli. Nimechukua wembe.

Marijani yupo uani, hajaniona. Diwani kashuka kutoka kabatini na wanawe wote wanne, wamekaa mbele yangu kwa mstari, wananitazama vidole.